Kasi ya Vipitavyo

3 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Salamu baadaye. Nimepata habari, na si kutoka kwako, kwamba wiki iliyopita Mama amekoswakoswa na gari akivuka barabara hapo mbele ya geti. Nimeambiwa na muuza maziwa, aliyekuja huku kumtazama binti yake. Muuza maziwa! Mtu anayepita kwetu dakika mbili kwa siku anajua habari za Mama, na wewe unayelala chumba cha pili uko kimya.

Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulisema mtandao unasumbua, nami nilikuwa naisikia cherehani yako inavyokimbia. Mara ya tatu ulimpa Mama simu, na Mama hasikii simu, tukapigiana kelele mpaka wagonjwa wodini wakakaa vitandani kunitazama. Basi kuanzia leo tunaandikiana. Kwenye karatasi huwezi kunichekea.

Wewe ni katibu wa Kamati ya Mtaa. Una daftari, una muhuri, na najua unaupenda muhuri huo kuliko unavyowapenda baadhi ya ndugu. Barabara imewekwa lami mwaka mzima sasa, na magari yanapita hapo kama yanafukuzwa. Mama ana miaka sabini na nne. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia linachotaka. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Pakiwa na tuta mbele ya lile geti, Mama atabaki nyumbani kwake. Lisipokuwepo, nakuja kumchukua aje akae kwangu, ghorofa ya tatu, mbali na gurudumu lolote.

Nimesema.

Dada yako


11 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama wima, kama niko mbele ya hakimu.

Ni kweli alikoswa. Gari lilimpitia karibu kiasi cha kumvua kandambili moja, na kandambili hiyo tuliiokota kwenye kibanda cha fundi baiskeli, mwisho wa mtaa. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaandika barua kama hii uliyoandika.

Tatizo ni kwamba Mama havuki mara moja. Anavuka mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, kwenda kupiga soga kwa shoga yake Bi Ng'ambo. Unakumbuka walivyoanza kumwita hivyo tangu upande ule ulipokuwa vichaka na njia ya miguu. Kutoka geti letu hadi lake ni hatua kumi na tisa, nimezihesabu. Nilimwambia Mama awe ananisubiri nimvushe. Akaniuliza tangu lini yeye amekuwa ng'ombe. Habari ya kuhamia kwako nilimdokezea kidogo tu, akazima sikio la kushoto.

Kamati tumekaa juzi, saa tatu nzima. Kila mtu anataka matuta, na hakuna anayetaka tuta mbele ya geti lake. Mama wa duka anasema magari yakisimama pale yatamzibia wateja. Fundi baiskeli ndiye pekee anayetaka matuta yote mbele ya kibanda chake, na sababu yake unaijua. Mwenyekiti, ambaye ameendesha malori miaka thelathini na sasa ana kile kipikapu kinachokaribia kulamba lami, anaunga mkono matuta "kimsingi". Kila akisema kimsingi anashika kiuno. Mwishowe mtu mmoja akapiga kelele, "Kama hatuelewani, tupigiane matuta kama kwenye mpira tumalize!" Tukacheka robo saa. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana siku hiyo.

Lakini barua nitaiandika mimi. Tulia.

Mdogo wako Fundi, Katibu


16 Februari

Kamati ya Mtaa
Kwa: Ofisi ya Halmashauri

KUH: OMBI LA MATUTA MANNE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Eneo letu, kuanzia geti la Mwalimu Mstaafu hadi kibanda cha fundi baiskeli, ni refu na tambarare. Tangu lilipofunguliwa mwaka jana wakazi, hasa wazee, wamekuwa wakiathirika na kasi ya vipitavyo. Kwa unyenyekevu tunaomba kuruhusiwa kuwa na matuta manne, yenye kuachana kwa nafasi inayofaa, kabla ya mvua kubwa kuanza. Nguvu kazi tunayo.

Katibu
(muhuri)


2 Machi

Fundi,

Nakala uliyonitumia nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Gari liko wapi humu? Barabara iko wapi? Na vipitavyo ni vitu gani? Bata?

Wewe ulipata alama nzuri za insha, nakumbuka, na Mama alikuharibu kwa kukusifia. Barua ya kuomba tuta ni mistari miwili: magari yanakimbia, tuwekeeni tuta. Nani aliyekuroga?

Dada yako


8 Machi

Dada,

Nimerogwa na Kamati. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na magari saba na madereva wanne. Mwenyekiti akasema neno "madereva" ni kutukana kazi ya watu, tulitoe. Tukalitoa. Fundi baiskeli akasema tukiandika "magari", wenye pikipiki watajiona hawahusiki, tulitoe. Tukalitoa. Halafu mama wa duka akasema barabara hii ilifunguliwa na wakubwa, wakakata utepe na sote tukapiga makofi, leo tukiandika kwamba barabara inatusumbua tutaonekana hatuna shukrani. Tuseme "eneo". Ikawa eneo.

Vipitavyo nilitunga mwenyewe, na walinipigia makofi. Usinicheke. Ni mara ya kwanza napigiwa makofi tangu darasa la sita.

Fundi


20 Machi

Ofisi ya Halmashauri
Kwa: Katibu, Kamati ya Mtaa

KUH: OMBI LENU LA MATUTA MANNE

Barua yenu ya tarehe 16 Februari imepokelewa. Ofisi imefurahishwa na ari ya wakazi wa eneo lenu.

Ombi limekubaliwa. Mnaruhusiwa kutengeneza matuta manne katika eneo mlilolitaja, kwa nguvu kazi yenu, chini ya usimamizi wa Kamati. Matuta yakae kwa kukingama, ili kupunguza kasi. Afisa wetu atafika kuwaelekeza nafasi kati ya tuta na tuta.

Kwa niaba ya Mkuu wa Idara ya Kilimo
(muhuri)


24 Machi

Dada wewe!

LIMEKUBALIWA! Nilipofika kwenye neno hilo sikuendelea hata kusoma, niliikunja barua nikatoka mbio mpaka kwa Mwenyekiti na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Miezi miwili haijafika! Na wewe ulikuwa unauliza bata. Afisa wao anakuja mwenyewe kutuonyesha pa kuweka.

Mama naye aliomba aisome. Aliisoma mpaka chini kwenye muhuri, akasema "Hm", akavaa kandambili akavuka. Nadhani alifurahi.

Katibu aliyekubaliwa,
Fundi


1 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera. Namaanisha. Nilianza kuamini kwamba itanibidi nije kweli.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama uko zamu, malizia zamu.

Afisa alikuja jana na pikipiki. Kijana mstaarabu, buti za mpira, na nyuma ya pikipiki amefunga mafungu manane ya marando ya viazi vitamu. Kamati nzima tulikuwa tumejipanga pembeni mwa lami, mimi na shati jipya. Akaegesha, akatusalimia mmoja mmoja, akasimama katikati ya barabara. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Wazee wangu," akauliza, "shamba liko wapi?"

"Umelisimamia," akasema Mwenyekiti.

"Mzee, hii ni lami."

"Ndiyo tatizo lenyewe!"

Waliendelea hivyo kama dakika tano, kila mmoja akimwona mwenzake ni mgonjwa, mpaka gari likapita kwa kasi na sote tukaruka mtaroni, afisa na marando yake. Hapo ndipo alipoelewa. Akatoa faili akanionyesha barua yangu mwenyewe. Eneo refu na tambarare, tangu lifunguliwe. Kasi ya vipitavyo, wao wameona ni maji ya mvua. Nguvu kazi ipo. Akaniambia kwa upole, "Katibu, ofisini tuliisoma kwenye kikao. Tulisema huu ndio mtaa wa mfano." Nilitamani lami ipasuke inifiche.

Leo asubuhi nimekwenda Idara ya Barabara. Dirisha la kwanza likanituma la tatu, la tatu likanirudisha la kwanza, la kwanza likaenda kunywa chai. Mwishowe bwana mmoja akatazama kompyuta akasema ombi la matuta manne la mtaa wetu linaonekana limeshashughulikiwa. Nikasema limeshughulikiwa na Kilimo. Akasema, "Basi si limeshughulikiwa?" Tuombe upya, labda mwakani.

Marando tumegawana. Mama wa duka anasema yanaonekana ya mbegu nzuri.

Ndugu yako, mtu wa mfano


27 Aprili

Fundi,

Barua yako nimeisomea kwenye stoo ya dawa, nikacheka mpaka nikakaa kwenye boksi la glavu. Halafu nikakasirika, kwa sababu umenichekesha, na hivyo ndivyo unavyofanya tangu utotoni. Unavunja kitu, unatuchekesha, na anayeokota vigae ni mimi.

Aitawezekana kusubiri mwakani. Mwakani Mama atakuwa na miaka sabini na tano na magari yatakuwa mengi zaidi. Kila simu ikilia hapa kazini nadhani ni habari ya Mama kabla sijaipokea. Wewe huwaoni watu wanaoletwa hapa kutoka barabarani. Mimi ndiye ninayewavua viatu.

Tarehe 29 Juni nakuja na gari. Mfungie Mama begi. Chumba nimeshakipaka rangi.

Dada yako


6 Mei

Binti yangu,

Ni mimi Mama yako ninayeandika, kwa mkono wangu mwenyewe. Barua zenu zote nimezisoma. Ndugu yako anazificha chini ya vipande vya vitambaa, mahali palepale alipokuwa akificha ripoti za shule. Mnaandikiana juu yangu kama mzigo unaosubiri kupokewa stendi.

Sasa nisikilize. Siendi kupiga soga. Bi Ng'ambo hapigi soga tena. Tangu mwezi wa kumi na mbili upande wake wa kushoto umelegea na mdomo umepinda. Asubuhi namwosha, mchana namlisha, jioni nampa vidonge na kumgeuza. Watu tumewaambia ni miguu. Alinisihi nisiseme, kwa sababu mwanawe ameshaapa kwamba akianguka tena anakuja kumchukua. Unaona? Watoto wote siku hizi mmekuwa wachukuaji. Nikija kwako, yeye atakwenda kwa mwanawe, na kila mmoja wetu atakaa dirishani kwa watu akihesabu paa. Huyu mwanamke alininyonyeshea wewe wiki mbili nilipokuwa na homa. Siwezi kumwacha pale kitandani, kati yetu hatua kumi na tisa.

Jambo la pili. Ile barua ya serikali nimeisoma mara tatu, maana mimi nasoma mpaka chini. Ombi limekubaliwa. Matuta manne. Kuanzia geti langu. Kwa kukingama. Kupunguza kasi. Muhuri upo. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba lazima kiote kitu. Nimemwambia ndugu yako hivyo jana wakati anapiga pasi suruali ya watu. Aliisahau pasi mpaka suruali ikatoa moshi, kisha akaenda kumwita Mwenyekiti.

Jambo la tatu. Wewe ni muuguzi. Mtu akinywa maji yanamkaba, anyweshweje?

La mwisho. Si "aitawezekana". Ni "haitawezekana". Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, usiniaibishe.

Mama yako


13 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na herufi H nimeiona.

Bi Ng'ambo asinyweshwe amelala. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, umpe kwa kijiko, na usiondoe kijiko kingine kwenye bakuli kabla hajameza cha kwanza. Vitu vizito kama uji vinapita vizuri kuliko maji. Akimaliza, akae hivyo nusu saa kabla ya kulala. Apimwe presha kila siku, si kwa kukisia. Na aonwe na daktari wiki hii, Mama. Siri yenu ni nzuri lakini mshipa haujui siri. Mwanawe nimempigia simu mwenyewe. Nilimsema dakika ishirini, kwamba anataka kumng'oa mama wa watu bila kumuuliza, mpaka nikasikia ninachokisema.

Lakini tarehe 29 nakuja vilevile. Nitasimama hapo getini nitazame kwa macho yangu. Magari yakiwa yanapita kama zamani sitakuwa na la kusikiliza, hata kwa ajili yake. Ukigongwa katikati ya zile hatua, nani atamgeuza?

Mwambie Fundi kwamba kukaa chumba cha pili miezi mitano asijue mama yake anakwenda wapi ni kipaji.

Binti yako


17 Juni

Dada,

Kipaji nimekipokea. Nilimwomba Mama msamaha, akaniambia niende nikapime mchanga.

Matuta yapo. Manne. Kifusi, kokoto na saruji, na katika siku sita za ujenzi niliona watu wakifanya kazi ambao sikujua wana mikono. Tuta la kwanza liko mbele ya geti letu, maana Mama alikaa na kiti chake palepale na hakuna aliyethubutu kupendekeza pengine. Mengine matatu waliyabishania siku hiyo hiyo wakamaliza.

Siku ya saba akaja mkaguzi wa Barabara, macho mekundu.

"Nani kawaruhusu?"

Nikampa barua. Akaisoma.

"Hii ni ya Kilimo!"

Mama akauliza kutoka kwenye kiti, "Mwanangu, Halmashauri mnazo ngapi? Moja au mbili?"

Akapiga simu ofisini kwake, wakamwambia apige Kilimo. Kilimo wakamwambia matuta yetu manne wameshayaingiza kwenye ripoti ya mwaka kama yaliyokamilika, na imekwisha kwenda juu. Yakivunjwa, nani atakwenda kueleza huko juu? Bwana yule alikaa kwenye tuta la pili, akavua kofia, akatuonea huruma au akajionea mwenyewe, sikujua. Mwishowe akaagiza tupunguze kimo cha mawili, tupake mistari myeupe, na tusimwambie mtu kwamba yeye ameona marando tuliyopanda pembeni ya lami.

Nikueleze na ubaya wake. Pikipiki zilikuwa zinapita pembeni ya tuta, tumeziba kwa mawe. Na Mwenyekiti, aliyesimamia ujenzi tangu jiwe la kwanza, jioni ile ile alirudi na kipikapu chake akawa amesahau. Bomba la moshi limebaki kwenye tuta la tatu. Alishuka, akashika kiuno, akasema, "Kimsingi yanafanya kazi."

Njoo utazame. Begi sijafunga.

Fundi


2 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Andika hilo kwenye daftari lako.

Kule mbele yako sikusema mengi, kwa sababu ukisifiwa unaharibika. Nilikaa kwenye kiti cha Mama saa mbili nikihesabu. Magari sitini na moja, na yote yalipunguza mwendo, hata yale ambayo madereva wake walinitukana kwa macho. Tuta la pili limekaa upande. Lirekebisheni.

Bi Ng'ambo nilimwosha mimi asubuhi ile, nyinyi mkiwa mmelala. Hawezi kusema vizuri lakini alinishika kidole gumba kwa mkono ule mzima, akakishikilia mpaka maji yakapoa. Mwanawe atakuja kila mwisho wa mwezi, kutazama tu. Ameniahidi, na ananiogopa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona, maana ulikuwa umeshaingia ndani na cherehani imeshaanza. Gari langu liligeuza kule kwa fundi baiskeli tukawa tunarudi kupita mbele ya nyumba. Dereva alikuwa na haraka. Tukafika tuta la kwanza akakanyaga breki, na mbele yetu alikuwa Mama, katikati ya barabara, bakuli mikononi limefunikwa kwa sahani, anatembea kwa mwendo wake. Nilidhani atageuka anione. Nilikuwa nimeshainua mkono kumpungia. Hakugeuka. Alikuwa anatazama lile geti la upande wa pili, asimwage.

Dereva akataka kupiga honi. Nikamshika mkono.

"Mwache," nikamwambia, "hasikii. Na hata angesikia, yuko kazini."

Tukasubiri pale mpaka akaingia na kufunga geti.

Dada yako